Kuokota maneno kitabuni: mwongozo kamili wa kukuza msamiati kwa kusoma fasihi ya Kiswahili

Nikiwa kidato cha tatu nilikuwa naokota maneno makubwa kwenye kamusi kama mtoto aokotavyo makombe ufukweni: lenye kung'aa ndilo langu. Wiki moja nikaokota "jitimai". Kamusi ilisema ni huzuni, nami sikuhitaji zaidi ya hapo. Nikamwandikia mjomba wangu wa Tanga barua ya kujieleza kwa nini sikufika siku niliyoahidi, nikasema kuchelewa kwa basi kulinitia jitimai isiyo kifani. Tulipoonana alicheka mpaka akajishika mbavu. "Mjomba," akaniuliza, "hilo basi lilichelewa, au mlilizika?"

Kamusi haikunidanganya. Jitimai ni huzuni kweli, lakini ni huzuni ya mfiwa, ya mtu aliyeachwa, ya kushika tama. Basi la saa nne halina jitimai, lina kero tu. Uzito huo wa neno sikuuona kwenye kamusi kwa sababu kamusi hulichukua neno peke yake, likiwa limetolewa kwao. Kitabuni unalikuta nyumbani, na majirani zake wote wapo: nani analisema, anamwambia nani, ni saa ngapi, na kuna nini kimetokea. Tangu siku ile nimejifunza maneno kwa majirani zake, na kazi yangu ya kuhariri miswada imenionyesha kwamba kosa langu la utotoni bado linaandikwa kila wiki na watu wazima.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye Kiswahili anakijua tayari. Anasoma gazeti bila taabu, anapiga soga, ila akitaka kuandika jambo la maana anajikuta anazunguka na maneno yale yale. Unamfaa pia aliyekulia Muscat au Toronto akiwa na Kiswahili cha jikoni kwa mama, naye anataka kutoka nacho sebuleni. Unahitaji kitabu, penseli, daftari, kamusi, na nusu saa kwa siku.

Pima kitabu kabla hujakianza

Watu wengi hukata tamaa kwa sababu wameanza na kitabu cha kusifiwa badala ya kitabu kinachowatosha. Kipimo ni rahisi. Fungua ukurasa wa katikati, maana kurasa za mwanzo mara nyingi zimepambwa kuliko zingine. Hesabu maneno 100. Kila neno usilolijua, kunja kidole.

Ukikunja vidole viwili au pungufu, hicho ni kitabu cha starehe: soma kwa raha zako, maneno machache yatakuingia yenyewe. Ukikunja vitatu hadi vitano, hicho ndicho kitabu cha darasa. Mkono mmoja ukiisha ukaanza wa pili, kirudishe rafuni, mtakutana mwakani. Vipimo hivi sikuvitoa hewani. Mwaka 2000 Hu na Paul Nation, mtaalamu wa msamiati wa New Zealand, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba msomaji wa hadithi anahitaji kujua takriban maneno 98 katika kila 100 ili aelewe vizuri bila msaada. Wao walipima Kiingereza. Kiswahili hupakia mzigo mkubwa katika neno moja, kwa hiyo wewe hesabu mizizi. Kama unajua "kunja" lakini "akamkunjulia" limekutatiza, hiyo ni nusu ya kidole.

Ngazi ya vitabu

Ngazi yangu mimi ni hii, na kila mhariri ana yake. Anza na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971). Mwandishi alikuwa mtu wa Ukerewe, na Kiswahili chake ni cha bara: sentensi fupi, kisa kinachokimbia, maneno magumu yaliyotawanyika vya kutosha kukuacha upumue. Kisha kamata Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960), hadithi ya upelelezi ya Bwana Msa. Kiswahili chake ni cha Unguja, kina mzaha na mikato ya mazungumzo, na hamu ya kumjua muuaji itakuvusha pale ambapo maneno yangekukwamisha. Kuli ya Adam Shafi (1979) itakupeleka bandarini Zanzibar, kwenye msamiati wa kazi, mizigo na migomo.

Baada ya hapo ndipo umkaribie Shaaban Robert. Kusadikika (1951) ni kisa cha nchi iliyo angani, na sehemu kubwa yake ni mtu anayejitetea mbele ya mfalme. Kwa hiyo ndani yake utapata Kiswahili cha hoja, cha haki na maadili, ambacho riwaya za mtaani hazikupi. Ukitaka maelezo mazito ya nyuso, nyumba na hali ya hewa ya moyo, Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) haina mchezo.

Tahadhari moja. Nagona (1990) na Mzingile (1991), za Kezilahabi huyo huyo, zina maneno ambayo mengi unayajua. Ugumu wake uko kwingine kabisa. Ukizipima kwa vidole utadhani ni nyepesi, kisha ufike ukurasa wa kumi ukijiuliza umesoma nini. Ni vitabu vikubwa, lakini kwa kazi yetu hii viweke kando.

Mara ya kwanza, kamusi ibaki kabatini

Soma sura nzima bila kusimama. Neno usilolijua liwekee nukta ya penseli pembeni, uendelee. Anayekimbilia kamusi kila mstari hupoteza kisa, na kisa ndicho gundi inayolishika neno kichwani. Mimi nikikumbuka "kujikokota" namwona mtu fulani kwenye ukurasa fulani akipanda ngazi. Sikumbuki ufafanuzi wowote.

Sura ikiisha, rudi kwenye nukta zako. Utashangaa: theluthi ya maneno hayo yamekwisha kujieleza kurasa mbili mbele. Yafute. Yaliyobaki yagawe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yaliyojirudia. Hayo mwandishi anayapenda na utakutana nayo tena. Fungu la pili ni yaliyobeba kisa, yaani usipoyajua hujui kilichotokea. Fungu la tatu ni mapambo ya mahali, kama jina la kamba fulani ya chombo. Mawili ya kwanza ndiyo ya kuhangaikia. La tatu lijue kwa juu juu, likija ulitambue, basi.

Kukisia kabla ya kuuliza

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo tukae kidogo. Nimetunga kipande hiki kwa ajili ya zoezi:

"Jua lilikuwa limekwisha kuchwa Mzee Kombo alipojikokota hadi ufukweni. Maji yamekupwa. Ngalawa yake imelala ubavu juu ya tope, tanga limekunjwa, foromali imelegea kama mkono wa mgonjwa. Akachutama. Mwanawe alimfuata nyuma akinyata, asithubutu kumkatiza fikira zake. Mwishowe mzee akakohoa, akamgeukia, akamkunjulia uso. 'Bamvua hili litatuonea,' alisema, 'tungoje maji mafu.' Kijana akaitikia kwa kichwa. Alimaizi kwamba babake hakuwa akizungumzia bahari."

Wengi watakimbilia "foromali", kwa sababu ndilo geni kuliko yote. Ukilitazama kwa utulivu, sentensi imekwisha kukuambia mengi. Ngeli inasema ni kitu: "imelegea". Majirani wanasema ni kifaa cha ngalawa, tena kiko karibu na tanga. Mfano wa mkono unasema ni kirefu na kinaning'inia. Kamusi itathibitisha kwamba ni ule mti unaofungiwa tanga. Lakini je, umepoteza nini usipolijua? Karibu hakuna. Ni fungu la tatu hilo.

Sasa angalia "kunyata" na "kujikokota". Yote mawili ni kutembea. Mmoja anakwenda hivyo kwa sababu miguu imechoka au moyo umechoka, mwingine kwa sababu hataki kusikika. Umejuaje? Baba ni mzee na jua limekuchwa. Kijana yuko nyuma, tena hathubutu kukatiza. Maneno haya utayatumia maisha yako yote, nayo ni rahisi kuyaruka kwa kuwa unadhani umeyaelewa. Mtego mkubwa wa msomaji mzoefu ni neno analolijua nusu, maana lile asilolijua kabisa angalau linamsimamisha.

"Bamvua" na "maji mafu" yanajieleza kwa kupingana: moja lipo, jingine linangojwa, na yote yanahusu bahari. Ukifika kwa wavuvi utaambiwa kwamba bamvua ni maji makubwa ya mwezi mwandamo na ya mwezi mpevu, yanayojaa sana na kupwa sana, na maji mafu ni ya siku za katikati ambapo bahari haina nguvu. Mtu wa Dodoma hawezi kukisia yote hayo, na hana haja. Anachohitaji ni kujua kwamba baba anasema: tusubiri, mambo yatulie.

Mwisho kuna "alimaizi". Hilo ni fungu la pili, limebeba kisa kizima. Kijana amefanya nini? Amegundua? Amekumbuka? Amekasirika? "Kwamba" inayofuata inaonyesha ni kitenzi cha akili, na sentensi ya mwisho inaonyesha kuna maana iliyofichwa chini ya maneno. Kisia kwa penseli pembeni: "ameng'amua". Kisha ndipo ufungue kamusi, nayo itakupa kutambua, kung'amua. Neno ulilolikisia ukapatia halisahauliki upesi. Ulilolikisia ukakosea halisahauliki kabisa, kama jitimai langu.

Kulivua neno nguo

Kamusi ya Kiswahili inamtaka mtu ajue kuvua. Ukitafuta "akamkunjulia" kwenye herufi A utaambulia patupu. Toa nafsi a-, toa -ka- ya masimulizi, toa -m- ya mtendewa. Inabaki kunjulia. Mwisho wa -lia ni kauli ya kutendea, kwa hiyo rudi nyuma: kunjua. Na kunjua ni kinyume cha kunja. Uso ulikuwa umekunjwa, sasa unafunguliwa kwa ajili ya mtu fulani. Ukifika hapo, "mkunjufu" halikusumbui tena, wala "moyo mkunjufu" wa kwenye hotuba za harusi.

Vitenzi vifupi vina hila yao. "Yamekupwa" ukivua ya- na -me- unabaki na kupwa, nayo ku- hiyo ni ya kuazima. Mzizi ni pwa. Tafuta P. Hapo hapo utagundua kwamba "pwani", neno ulilolisema maelfu ya mara, ni mahali maji yanapopwa. Na "kuchwa" liko kwenye chwa, mama wa "machweo". Ndugu yake ni "cha", la kukicha, aliyezaa "macheo". Mimi nilikaa miaka nikiyachanganya haya mawili mpaka nilipomjua mzazi wa kila moja.

Nomino za ngeli ya u- ndizo zinazoangusha wengi. Umekutana na "ndimi", N haina. Nenda "ulimi". "Nyufa" iko "ufa", "kope" iko "ukope", "mbavu" iko "ubavu". Wingi ukikukataa, jaribu kuweka u- mbele, kisha ulisikilize sikio lako.

Kamusi zaidi ya moja

Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka kwanza mwaka 1981 kwa kazi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiyo ya mezani kwa wengi. Toleo la tatu ni la 2013. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa (2015), ni nene zaidi. Ukisoma waandishi wa Unguja na Pemba, Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar (2010), litakuokoa mahali ambapo zile mbili zimenyamaza. Usinunue zote kwa mkupuo. Nunua moja, ya pili ifuate maktaba.

Unapofungua kamusi usisome maana ya kwanza ukafunga. Soma zote, kisha rudi kitabuni uone ipi inakaa. Soma na mfano. Na kama ni nomino, nakili ngeli yake, kwa maana neno la heshima lenye upatanisho mbovu linakuaibisha kuliko neno la kawaida. Nimehariri mswada ambao mwandishi aliandika "kadhia hiki". Alikuwa amejua maana, ngeli hakuijua.

Daftari

Daftari langu lina mambo manne kwa kila neno. Neno lenyewe likiwa limevuliwa. Sentensi nzima ya kitabuni, kwa mkono, bila kufupisha. Majirani: maneno gani hutembea nalo? Na sentensi yangu mwenyewe, yenye mtu ninayemjua ndani yake.

La majirani ndilo watu hulipuuza, nalo ndilo lenye utamu. Giza si giza tu, ni giza totoro. Mtu hulala fofofo. Gunia hujaa pomoni. Kitambaa ni cheupe pe, usiku ni mweusi ti, mlango hufungwa ndi. Jaribu kubadilisha, useme "giza pe", uone watu watakavyokutazama. Vitenzi navyo vina wachumba wao: jitimai humtanda mtu, hamaki humpanda, aibu humshika, usingizi humchukua, hofu humwingia. Ukijifunza "hamaki" bila "kupanda" una nusu ya neno.

Andika pia hadhi. Kufa, kufariki, kuaga dunia, kutangulia mbele ya haki, kukata roho, kukata kamba: wote wamekwenda kule kule, ila jaribu kutumia la mwisho kwenye tangazo la msiba. Pembeni ya kila neno weka alama ndogo: ni la msibani, la ofisini, la kijiweni, la mashairini?

Maneno matano kwa siku yanatosha. Niliwahi kujilazimisha ishirini, nikaishia na daftari zuri na kichwa kitupu.

Koo za maneno

Baada ya mwezi, daftari litaanza kukuonyesha ndugu. Chukua fumba. Ukiongeza -ua unapata fumbua, kinyume chake. Ukiongeza -ta unapata fumbata, kushika ndani ya kiganja kilichofungwa; -ta hii ndiyo hiyo ya kamata na ambata, ina maana ya kugusana na kung'ang'ania. Kisha fumbo, jambo lililofungwa. Kisha kufumbia macho uovu. Kwenye kipande chetu kulikuwa na "akachutama", nalo ni la kabila la simama, inama, tuama, kwama: mwisho wa -ama hupenda kueleza mkao au hali ya kutulia mahali. Ukikutana na kitenzi kigeni chenye -ama, una pa kuanzia kukisia.

Maneno yenye asili ya Kiarabu yana siri nyingine. Angalia konsonanti tatu, sahau irabu. J-M na konsonanti ya koo inatoa jamii, jamaa, jumuiya, Ijumaa, kujumuika: yote ni kukusanyika. H-K-M inatoa hukumu, hakimu, mahakama, hekima. D-R-S inatoa darasa, madrasa, na kudurusu, neno zuri ambalo wanafunzi wamelisahau wakati ndilo wanalolifanya usiku kucha kabla ya mtihani. Lakini mifupa hii hudanganya pia. Safari na sifuri yanafanana kwa herufi zetu za Kilatini, ila Kiarabuni S zao ni mbili tofauti na hayana undugu hata wa mbali.

Aina nyingine ya ukoo ni ya maana. Tenga ukurasa mzima kwa jambo moja, uujaze miezi kwa miezi. Ukurasa wangu wa hasira una kuudhika, kukasirika, kuhamaki, kughadhibika, kufoka, kung'aka, kununa, kususa, kufura. Yapange kwa ngazi na kwa tabia. Anayefoka anasema, anayenuna hasemi. Anayesusa amekataa na chakula. Anayeng'aka anajibu kitu alichoambiwa. Mwandishi mzuri hachagui "kununa" kwa kuwa ni gumu. Amechagua kwa sababu mhusika wake amenyamaza. Tengeneza ukurasa wa kutazama (kukodoa, kuchungulia, kurembua, kukonyeza, kutumbua), wa kutembea, wa saa za siku, wa mvua.

Na uwe na ukurasa wa pacha wabaya, wanaotofautiana kwa herufi moja: dhana na zana, thamani na samani, dhalili na dalili, wasaa na wasia, takriri na taksiri. Yasome kwa sauti. Asiyeitamka dh hataiandika.

Kisanduku cha biskuti

Neno lisiporudiwa hutoroka. Njia nyepesi niliyowahi kuitumia ni ya visanduku vya kadi, iliyoenezwa na Sebastian Leitner, mwandishi wa Ujerumani, mwaka 1972. Chukua boksi la biskuti uligawe vyumba vitatu. Kadi mpya zinakaa chumba cha kwanza, unazipitia kila siku. Ukipatia, kadi inahamia cha pili, cha kila siku ya tatu. Ukipatia tena, inahamia cha tatu, cha kila wiki. Ukikosea, inarudi mwanzo bila huruma.

Upande wa mbele usiandike neno, wala nyuma usiandike maana. Mbele andika sentensi ya kitabuni yenye pengo: "Mwanawe alimfuata nyuma aki______, asithubutu kumkatiza fikira zake." Nyuma andika "nyata". Hivyo unajizoeza kulivuta neno kutoka kichwani linapohitajika.

Kuyatoa nje

Neno ulilolisoma mara kumi bila kulitumia bado ni la mwandishi. Ili liwe lako, fanya hivi mara moja kwa wiki: chagua ukurasa mmoja ulioupenda, usome mara mbili, ufunge kitabu, uandike tukio lile lile kwa maneno yako kutoka kichwani. Kisha fungua ulinganishe. Mahali ulipoandika "alitembea polepole", yeye ameandika nini? Mahali ulipotumia sentensi tatu, yeye ametumia kitenzi gani kimoja? Zoezi hili linauma, na linafundisha kuliko yote niliyoyataja hapo juu. Miezi sita ya kulifanya kila Jumapili ilinibadilisha kuliko miaka minne ya kukariri.

Katika maandishi yako halisi, tia neno jipya moja tu kwa ukurasa. Uhariri wangu mwingi ni wa kupunguza. Mtu amejifunza adhimu, aushi, asilani na mithili, akazitia zote kwenye sentensi ya kualika wazazi kikaoni.

Ushairi uje mwisho

Ushairi ndio ghala kuu, ila ufunguo wake ni wa lahaja. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja; uamuzi huo ulifanywa Mombasa mwaka 1928. Mashairi makuu ya zamani hayakungoja uamuzi huo. Muyaka bin Haji alitunga kwa Kimvita cha Mombasa, na Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi wa wosia mwaka 1858 kwa Kiswahili cha kaskazini, cha upande wa Lamu na Pate. Ukiwasoma kwa masikio ya Dar es Salaam utadhani ni lugha nyingine.

Jifunze mabadiliko matatu kwanza. T ya kule mara nyingi ni ch ya huku: mato ni macho, tini ni chini. Nd ya Kiamu, yaani Kiswahili cha Lamu, mara nyingi ni nj: ndiya ni njia. Y mara nyingi ni j: moya ni moja, kuya ni kuja. Kwa funguo hizo tatu, nusu ya ugeni unayeyuka. Na usidhani lahaja ni za mbali: "kutwa" unayoambiwa dirishani pa dawa, "vidonge viwili kutwa mara tatu", ni ile ile kuchwa ya jua letu la ufukweni, ikiwa na t yake ya zamani.

Tafuta toleo lenye sherehe, yaani maelezo ya maneno magumu, chini ya ukurasa. Soma beti mbili kwa siku, kwa sauti, na usijaribu kuzidi hapo.

Neno likikosekana kamusi zote

Litakosekana, tena mara nyingi, hasa la uvuvi, la mapishi, la useremala, la ngoma. Hapo mtafute mtu wa kazi hiyo au mzee wa mahali pale. Msalimie kama inavyopasa, kaa, kisha usimuulize "maana yake nini", maana atakupa neno moja la haraka ili umwache. Muulize, "Hili huwa mnalisema wakati gani?" Hapo utapewa kisa, na kisa ndicho unachokitaka.

Hivyo ndivyo nilivyomuuliza mjomba kuhusu bamvua, miaka mingi baada ya lile basi. Hakujibu. Alitoka uani, akautazama mwezi, akahesabu kwa vidole, akarudi akakaa. "Usiondoke kesho," akasema. "Kaa siku nne, nikuonyeshe."